Uso wa Saa Kuukuu na Bei Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni fundi wa saa, Mji wa Kale, Mombasa. Watu huniletea saa za babu zao zimefungwa kwenye leso au zimetiwa ndani ya kopo la kahawa, na maswali yao ni yale yale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ili mtu ayasome kabla ya kumkabidhi fundi yeyote saa yake, nami nikiwa mmoja wa hao mafundi. Ukiwa na haraka, anza na swali la kupaka uso rangi upya. Hilo ndilo lililowatia wengi hasara.

## Mambo ya mwanzo

Uso wa saa ni sehemu gani hasa?

Ni kile kisahani kilicho chini ya kioo, chenye tarakimu au vijiti vya saa, jina la kampuni na maandishi madogo madogo. Akrabu huzunguka juu yake. Aghalabu ni bamba jembamba la shaba ya manjano lililotiwa rangi, likapakwa vanishi, kisha maandishi yakapigwa chapa. Nyuma yake mna vijiguu viwili vinavyoushikiza kwenye mashine. Vikumbuke vijiguu hivyo, maana vina ushahidi wao.

Kwa nini bei ifuate uso badala ya mashine?

Kwa sababu mashine moja iliingia ndani ya saa nyingi za majina tofauti. Mashine ya Valjoux 72 ilitumiwa na kampuni kadhaa za Uswisi, na Rolex nayo iliitumia, ikiiboresha, ndani ya saa zake za modeli ya Daytona za miaka ya 1960. Ukizifungua saa mbili za aina hiyo, moja ya bei ya kawaida na nyingine ya bei ya nyumba Nyali, ndani utaona mashine zinazofanana. Kinachozitenga ni kisahani cha mbele.

Tena mashine hutengenezeka. Gurudumu likivunjika hutafutwa jingine, springi ikikatika hubadilishwa, na saa haipungui hadhi. Uso ukiharibika haurudi. Wino wa mwaka 1965 ulipigwa mwaka 1965.

Uso adimu hupatikanaje? Kampuni ilipanga uwe adimu?

Mara chache sana. Nyuso nyingi zinazogombaniwa leo zilikuwa chache kwa sababu hazikuuzika wakati wake. Nyuso za Daytona zinazoitwa "Paul Newman", jina la mwigizaji wa Marekani, za rangi mbili, zenye vijisanduku vidogo kwenye ncha za mistari ya duara za ndani, hazikupendwa zilipotoka. Wauza saa walipata tabu kuziondoa rafuni. Uchache wake umetokana na kukataliwa.

Nyingine ni chache kwa sababu kampuni ilibadili maandishi baada ya muda mfupi, labda rangi ya neno moja au mpangilio wa mstari. Nyingine ziliagizwa maalumu na serikali, jeshi, mfalme au kampuni. Nyingine zina jina la duka lililoziuza: Tiffany & Co. la New York, Asprey la London, Serpico y Laino la Caracas. Na ziko zilizotoka kiwandani zikiwa za kawaida kabisa, kisha jua na miaka vikazigeuza. Hizo nimezieleza kwenye sehemu ya jua na chumvi.

Kwa hivyo kila kilicho adimu ni ghali?

La. Niliwahi kuletewa saa ya Kiswisi ya kampuni ndogo iliyokwisha kufa, ina uso wa kijani ambao sijauona kwingine tangu hapo. Ni adimu kuliko Rolex nyingi, na hakuna anayeitafuta. Bei huja pale uchache unapokutana na watu wengi wanaoitaka ile ile, uso ukiwa wa asili na hali yake ikiwa nzuri. Likikosekana moja kati ya hayo, bei hushuka haraka.

Tofauti ndogo kiasi gani yaweza kubadili bei?

Ndogo kuliko mtu anavyodhani. Rolex Submariner 1680 za mwanzo, kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1970, zina neno SUBMARINER kwa wino mwekundu. Baadaye likaandikwa kwa weupe. Saa ni ile ile, nambari ya modeli ni ile ile, lakini nyekundu hulipwa zaidi. Hata miongoni mwa nyekundu zenyewe kuna daraja: ziko zinazoandika kina cha maji kwa mita kwanza, kisha futi, na za baadaye zinazotanguliza futi. Wakusanyaji huzipa kila moja namba yake ya toleo.

Daytona 6263 nayo ina mfano wa ajabu zaidi. Kwa kawaida maandishi yake husomeka Rolex, Oyster, Cosmograph, kutoka juu kwenda chini. Baadhi ya nyuso nyeusi za aina ya Paul Newman zina Rolex, Cosmograph, Oyster. Neno moja limeshuka mstari mmoja, na hizo ni kati ya Daytona zinazotafutwa mno duniani.

Zile bei za mamilioni tunazozisikia ni za kweli?

Ni za kweli, lakini zisome vizuri. Daytona 6239 ya Paul Newman mwenyewe, aliyopewa na mkewe Joanne Woodward, iliuzwa kwenye mnada wa Phillips mjini New York tarehe 26 Oktoba 2017 kwa dola 17,752,500. Bei ile ilibeba jina la aliyeivaa, kwa hivyo usiitumie kupimia saa nyingine.

Mfano unaofundisha zaidi kuhusu uso ni Rolex 6062 ya Bao Dai, mfalme wa mwisho wa Vietnam, iliyouzwa Geneva mwezi Mei 2017 kwa faranga za Uswisi 5,060,427. Jina la mfalme lilisaidia, hapana shaka. Lakini 6062 zenye uso mweusi wa almasi zinazojulikana ni 3 tu, na yake ndiyo pekee yenye almasi kwenye saa za shufwa.

## Nyuso zinazohusiana na pwani yetu

Ami yangu aliishi Maskati, akaniachia saa yenye jambia usoni. Ni kitu?

Yaweza kuwa kitu kikubwa. Jambia juu ya panga mbili zilizopishana ni nembo ya Oman, na katika miaka ya 1970 Sultan Qaboos aliagiza Rolex zenye nembo hiyo kupitia duka la Asprey la London. Zilitolewa zawadi, zikiwemo kwa askari wa Kiingereza waliopigana upande wake katika vita vya Dhofar, kusini mwa Oman. Nembo iko ya rangi mbalimbali, na ziko chache zenye sahihi ya Sultan badala ya jambia. Nchi jirani nazo ziliagiza zao: kipanga wa Quraish kwa Falme za Kiarabu, mtende na panga kwa Saudia.

Kwa kuwa nembo ni alama ndogo tu ya wino, ndiyo inayoghushiwa sana. Mtu huchukua uso wa asili wa Rolex ya kawaida, akaupiga jambia, basi. Uso unapita kila kipimo isipokuwa ile nembo. Itazame kwa kioo cha kukuzia: mistari ya ala na mpini iwe mikali, isiyotanuka pembeni, na wino wake uwe umezeeka sawa na maandishi mengine. Kisha tafuta karatasi, picha, barua, chochote kinachomuunganisha ami yako na saa hiyo. Kwa nyuso za aina hii karatasi ni nusu ya bei, na familia zetu hapa zina sanduku za karatasi ambazo hakuna aliyezifungua tangu tanga.

Saa yangu ina tarakimu za Kiarabu, ١ ٢ ٣. Hiyo huongeza bei?

Inategemea nani aliziandika. Kiwanda kikiziandika chenyewe, huongeza, na kwa modeli ya Rolex iitwayo Day-Date huongeza sana. West End, kampuni ya Kiswisi iliyojikita Bombay tangu miaka ya 1880, iliuza saa zenye tarakimu hizo India, Ghuba na Iraki, na baadhi zilifika hapa. West End yenye uso safi wa namna hiyo ni saa nzuri ya kuweka, ingawa haitakununulia gari.

Zikiwa zimeandikwa upya na fundi, hupunguza. Na ndivyo zilivyo nyingi ninazoletewa.

Nimenunua Seiko 5 ya rangi ya kupendeza sana, muuzaji anasema ni toleo adimu. Kweli?

Pole. Karibu kila wiki naiona moja. Seiko 5 ilianza kuuzwa mwaka 1963, ikatengenezwa kwa wingi mno, na India kuna karakana zinazochukua saa za zamani, zinakwangua uso na kuupaka rangi ya machungwa, zambarau au samawati ambayo kiwanda hakijawahi kuitoa. Husafirishwa kote. HMT, Camy na Citizen hufanyiwa hivyo hivyo. Saa yenyewe yaweza kutembea vizuri, na kama umeipenda ivae, lakini usiilipie bei ya nadra.

Chini kabisa ya uso wa Seiko, karibu na saa sita ya kizungu chini, kuna maandishi madogo sana yenye namba. Kwa kawaida tarakimu 4 za mwanzo hulingana na 4 za mwanzo zilizo kwenye kifuniko cha nyuma. Karakana hizo aghalabu huziacha, au huandika zisizolingana. Dalili nyingine nimezieleza kwenye swali la kukagua.

Lakini Seiko adimu za kweli zipo. Ile ya kronografu (saa yenye kipima muda) 6139 yenye uso wa manjano alikwenda nayo angani mwanaanga wa Marekani William Pogue kwenye safari ya Skylab 4 mwaka 1973, na tangu ijulikane hivyo rangi hiyo imepanda. Tena 6139 za mwanzo zimeandikwa PROOF usoni, kwa maana kwamba maji hayaingii kabisa, na baadaye Seiko ikabadili neno likawa RESIST. Zile za PROOF hulipwa zaidi.

Neno hilo pia hukusaidia kujua umri. Namba ya mfululizo nyuma ya Seiko huanza na tarakimu ya mwaka, kisha ya mwezi, na O, N, D kwa Oktoba, Novemba na Desemba. Tarakimu ya mwaka ni moja tu, kwa hivyo 0 yaweza kuwa 1970 au 1980. Uso ndio unaoamua.

Babu alihudumu katika jeshi la Waingereza na saa yake ina mshale usoni. Uso umebadilishwa, je bei imekwisha?

Hapa kanuni hulegea kidogo. Mshale mpana ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Mwaka 1945 kampuni 12 zililetea jeshi hilo saa zenye herufi W.W.W. nyuma, na ile ya Grana ndiyo ngumu kupatikana. Baadaye Wizara ya Ulinzi ya Uingereza yenyewe ilibadilisha nyuso nyingi za saa zake ili kuondoa radiamu, kemikali yenye mionzi iliyotiwa kwenye rangi ya kung'aa gizani. Saa za IWC Mark XI zilizobadilishwa hivyo zina herufi T ndani ya duara, yaani tritiamu, iliyotiwa badala ya radiamu.

Uso uliobadilishwa na jeshi ni sehemu ya maisha ya saa ile, na wakusanyaji huukubali. Wa kwanza bado hulipwa zaidi, ila wa pili hauitwi uharibifu. Ni tofauti na uso uliobadilishwa na fundi wa mtaani.

## Jua, chumvi na unyevu

Uso wangu ulikuwa mweusi, sasa umekuwa kahawia. Umeharibika?

Huenda umepanda bei. Rangi na vanishi za baadhi ya nyuso nyeusi za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa na kasoro, hazikustahimili mwanga. Miaka ikapita, weusi ukageuka kahawia, mara ya chokoleti, mara ya tumbaku, mara ya kahawa iliyotiwa maziwa. Omega Speedmaster na Rolex Submariner za enzi hizo ndizo maarufu kwa hilo. Wakusanyaji huziita nyuso za tropiki, kwa kuwa walizihusisha na saa zilizovaliwa kwenye nchi za jua kali kama yetu.

Kinacholipwa ni mgeuko ulioenea sawasawa, rangi moja toka ukingo hadi ukingo, na maandishi yamebaki makali. Madoadoa, malengelenge au vanishi inayobanduka ni uharibifu, hata ukiupa jina zuri.

Basi nikiianika juu ya bati nayo itageuka?

Tafadhali usifanye hivyo. Nimeulizwa na vijana wenye akili nzuri tu, kwa hivyo nitaeleza kwa nini.

Kwanza, kasoro iwe imo ndani ya rangi tangu kiwandani. Uso usio na kasoro hiyo utauchoma miaka na utabaki mweusi, ila mafuta ya mashine yatakauka, kioo cha plastiki kitapinda na rangi ya kung'aa gizani itapasuka na kudondoka kwenye magurudumu. Pili, wanunuzi wazoefu huugundua uso uliookwa. Kwenye uso uliogeuzwa na mwanga polepole, ukingo uliojificha chini ya pete ya kioo mara nyingi hubaki mweusi zaidi, na akrabu nazo zimezeeka kadiri ile ile. Uliookwa huwa umeungua kote, hata mahali ambapo jua halikufika.

Kioo changu hupata ukungu msimu wa mvua. Nifanye nini kuulinda uso?

Ukungu maana yake maji yamekwisha kuingia, na ya hapa yana chumvi. Ilete kwa fundi siku hiyo hiyo, ifunguliwe na ikaushwe, mpira wa kuzuia maji ubadilishwe. Kusi ikianza, Aprili na Mei, ndipo ninapoona nyuso nyingi zikifa kwa sababu mtu alisubiri hadi sikukuu ipite.

Nyumbani, weka saa ndani ya kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Usiitie kwenye mchele. Vumbi lake huingia ndani. Na usiiweke dirishani.

## Kukagua

Nitajuaje kama uso umepakwa upya?

Chukua kioo cha kukuzia mara 10 na ukae penye mwanga wa asubuhi. Tazama herufi kwanza. Chapa ya kiwanda ina kingo kali na unene sawa. Ya fundi hutanuka, hujaa tumboni mwa herufi kama a na e, na mistari hupinda. Tazama vijistari vya dakika: viwe na nafasi sawa na vielekee kwenye vijiti vya saa bila kukosea. Angalia pia kama rangi imejaa kwenye matundu ya tarehe au kwenye mizizi ya vijiti. Kiwandani vijiti vilipachikwa baada ya rangi, si kabla.

Nyuso nyeusi za zamani zenye maandishi ya dhahabu zina siri yao. Yale maandishi hayakuchapwa juu. Ni shaba ya chini inayoonekana kupitia weusi, kwa hivyo yamezama kidogo. Ukiona dhahabu imekaa juu ya weusi kwenye saa ambayo haikupaswa kuwa hivyo, shuku.

Mwisho, fundi akiufungua, mwombe akuonyeshe nyuma. Vijiguu vikiwa vimekatwa na uso umebandikwa kwa gundi, huo umetoka kwenye saa nyingine.

Ile taa ya kukagua noti bandia inasaidia?

Inasaidia sana na kila duka linayo. Iwashe juu ya uso gizani kisha uizime. Rangi ya zamani ya kung'aa yenye tritiamu, iliyotumika tangu mwanzo wa miaka ya 1960 hadi miaka ya 1990, hung'aa chini ya taa na kufifia mara taa ikizimwa. Rangi za kisasa huendelea kung'aa muda mrefu. Saa ya mwaka 1968 ikiendelea kumulika chumba, uso au rangi yake ya kung'aa si ya mwaka 1968. Linganisha na akrabu pia: uso ukikaa kimya na akrabu zikang'aa, akrabu zimebadilishwa.

Maandishi ya chini kama T SWISS T yana maana gani?

T ni tritiamu. Neno SWISS peke yake kwenye saa ya michezo ya zamani mara nyingi huashiria enzi ya radiamu, na kwa zilizotoka kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 ni rangi zisizo na mionzi. Ukiona alama ndogo ya Kigiriki, σ, kushoto na kulia ya T SWISS T, hiyo ilitumika miaka ya 1970 kuonyesha vijiti vya uso ni vya dhahabu. Mtu huyapuuza maandishi haya kwa kuwa yamejificha chini ya ukingo, na hayo ndiyo humfichua mwongo: uso wa T kwenye saa ya mwaka 1950 haukuzaliwa nayo.

Radiamu ni hatari kuvaa?

Hatari kubwa iko kwenye kufungua na kukwangua, kwani unga wake ukivutwa puani hubaki mwilini. Wasichana waliopaka nyuso za saa Marekani miaka ya 1910 na 1920, wakinoa brashi kwa midomo, waliugua na wengi wakafa. Radiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 1,600 hivi. Kwa hivyo uso usiong'aa tena bado una mionzi. Kilichochoka ni kemikali ya kung'aa tu. Usiichokore, usilale nayo, na umwambie fundi kabla hajaifungua.

## Kupaka, kusafisha, kubadilisha

Fundi amesema ataupaka uso uwe kama mpya. Nikubali?

Usikubali. Mnunuzi makini akiona uso uliopakwa hukata nusu ya bei au zaidi, na kwa uso adimu hana haja ya kuendelea kuzungumza.

Bwana mmoja wa Bondeni aliniletea West End ya marehemu babake. Uso ulikuwa na tarakimu za Kiarabu, umepata manjano kidogo, na ufa mmoja karibu na ٩. Nikamwambia niachie nitie mashine mafuta, uso tusiuguse. Hakuridhika, akaupeleka kwa fundi mwingine aliyemwahidi upya. Alirudi baada ya mwezi. Uso ulikuwa mweupe kama sahani, na mchoraji, asiyejua kuzisoma zile tarakimu, ameweka ٦ (sita) mahali pa ٢ (mbili). Mtoto wa madrasa angeliona kosa lile. Babake alikuwa ameivaa miaka 30 na yeye mwenyewe alijifunza kusoma saa kwa uso ule. Sikuwa na la kumfanyia.

Kusafisha nako ni hivyo hivyo. Kitambaa chenye maji, dawa ya meno, spiriti: chochote kati ya hivyo huondoa maandishi kwa kupitisha mara moja. Vumbi lipulizwe kwa kipulizio cha mpira, basi.

Kampuni yenyewe iliubadilisha uso wakati wa matengenezo. Huo si wa asili?

Ni wa kampuni, ila si wa kuzaliwa nao. Zamani mtu akipeleka saa kwa wakala, uso uliofifia ulibadilishwa kama huduma nzuri, na mwenyewe alishukuru. Leo uso wa matengenezo hupunguza bei, ingawa ni bora kuliko uliopakwa.

Uliza kama uso wa zamani ulirudishwa. Mara nyingi ulitiwa kwenye bahasha ndogo pamoja na risiti, ukasahauliwa droo. Ukiupata, hata ukiwa umechakaa, uweke. Unaweza kurudishwa.

## Kuuza, mirathi, na yale magumu

Nitapata wapi bei ya kweli?

Usiuze kwa wa kwanza anayekupa noti mkononi, hasa akiwa na haraka. Nyumba za mnada kama Phillips, Christie's, Sotheby's na Antiquorum hupokea picha mtandaoni na kukupa makadirio. Piga picha uso bila kioo kuakisi, nyuma, mashine, na namba zote. Patek Philippe na Longines hutoa dondoo za kumbukumbu zao kwa namba ya saa, Rolex haitoi. Ulizia gharama za mnada kabla ya kukubali, kwa sababu hukatwa kwenye chako.

Tunagawa mirathi na mna saa ya marehemu. Tuihesabuje?

Ipimwe kabla ya kugawa. Nimeona ndugu wakikadiria kwa macho, mmoja achukue saa, mwingine cherehani, kisha miaka miwili baadaye picha ikaonekana kwenye simu ya mtu na udugu ukavunjika. Mirathi ikiwa mbele ya Kadhi, barua ya makadirio itamsaidia.

Uso ni wa asili kabisa, lakini huenda si wa saa hii. Kuna shida gani?

Shida ni kubwa, na wataalamu hukosea pia. Novemba 2021 Omega Speedmaster CK2915-1 yenye uso uliogeuka kahawia iliuzwa Geneva kwa faranga za Uswisi 3,115,500, wakati makadirio yalikuwa 80,000 hadi 120,000. Mnunuzi alikuwa Omega wenyewe, kwa ajili ya jumba lao la makumbusho. Mwaka 2023 Omega ikatangaza kwamba saa ile ilikuwa imeunganishwa kwa vipande vya saa tofauti, na watu waliokuwa wafanyakazi wake walihusika.

Kwa hivyo uliza uso ulikaa wapi muda wote huo. Saa iliyotoka mkononi mwa babu ikaingia kwenye kopo lako, bila kupita kwa dalali, ina kitu ambacho ile ya milioni tatu haikuwa nacho.

Uso una nembo ya kampuni aliyofanyia kazi babu. Ni kasoro?

Zamani wauzaji waliiona hivyo, wakashusha bei. Leo Rolex Air-King zenye nembo ya Domino's Pizza, walizopewa mameneja kwa mauzo mazuri, zina wanunuzi wake. Submariner zilizotengenezewa kampuni ya wapiga mbizi ya Comex ya Marseille ni za daraja jingine kabisa.

Nembo ya bandari, reli au kampuni ya meli ya hapa Mombasa haitafika huko, lakini usimruhusu mtu aifute. Tafuta barua ya kustaafu, kitambulisho cha kazi, picha yake kazini akiwa ameivaa. Vitie kwenye kopo lile lile la saa.